Sauti Hii Ina Mwenyewe

Sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeambiwa nitulie tangu utotoni, na siku ile ya tamasha la amani kule Beni, mashariki ya Kongo, mratibu Onésime aliniambia hivyo kabla hata sijashuka kwenye gari.

Jina langu Tamar. Nimeimba opera Ulaya miaka tisa, kazi ambayo mwimbaji anajaza ukumbi mzima kwa tumbo na mapafu yake, bila maikrofoni. Niliporudi Butembo na kuanza mazoezi ya asubuhi, majirani walikuja mbio kuuliza nani amefiwa. Tukacheka, na kwaya ya mtaa ikaanzia hapo hapo: Wakatoliki, Waprotestanti, wauza parachichi, mafundi cherehani wawili, na mwalimu mmoja wa hesabu ambaye akiimba hawezi kuhesabu hadi nne.

Kavugho alikuwa soprano wetu, mwimbaji wa sauti ya juu kabisa. Sauti ile hukutani nayo mara mbili. Ila alikuwa na kasoro moja iliyonitia wazimu: katika ubeti wa pili wa wimbo wetu, anaouimba peke yake, kabla tu ya neno "nyumbani", alivuta pumzi. Pale hapapumuliwi! Nilimgombeza miaka miwili. Akifika pale namwinulia kidole, na bado anapumua. Siku moja nilimrushia chaki. Akacheka tu.

"Mwalimu, njia ya nyumbani iko murefu," aliniambia. "Miye nachoka."

Mwezi wa pili waasi walimuua kwenye barabara ya Mbau, alipokwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Nasema wazi hivyo, kwa sababu karatasi ya tamasha ilisema "matukio ya kusikitisha", na nilipoisoma nilitaka kuila.

Karatasi hiyo aliiandika Onésime, mratibu wa shirika lililoandaa tamasha. Mwaka jana walitupeleka studio kurekodi wimbo wetu huo, kisha wakaufungia kwao. Mama Kyakimwa, aliyemzaa Kavugho, anaimba alto kwetu, sauti ya chini ya wanawake. Baada ya mazishi alimwomba Onésime mara nne amtilie wimbo ule kwenye simu, asikie sauti ya mwanawe. Mara zote nne akajibiwa kwamba utatoka siku ya tamasha. Ndiyo sababu tulikwenda Beni. Amani yao waimbe wenyewe. Sisi tulimpeleka mama akamsikie mtoto wake.

Nyuma ya jukwaa, Onésime akanieleza kwamba hatutaimba. Ni pleibaki: rekodi inapigwa, sisi tunachezesha midomo, kamera zinatuchukua.

"Na sehemu ya Kavugho?" nikauliza.

"Utafanya weye, Mama Tamar. Weye hapana mutu ya opera? Unafungua tu kinywa. Batu hapana jua."

Nikamsogelea. "Hapana jua nini?"

"Mais, Mama, tulia. Leo iko fête, siku ya furaha. Tukianza kusema juu ya bale bamekufa, bafadhili batakataa ile vidéo."

"Donc tuache tuimbe na sauti yetu. Miye hapana lazima ya micro."

"Programme imekwisha kufungwa. Ni pleibaki, ao murudi Butembo na wimbo hapana toka."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulikuwa umekwisha kujikunja. Mama Kyakimwa akanishika kiwiko.

"Twende, Mwalimu," akasema. "Miye nataka kumusikia."

Tukapanda. Uwanja ulikuwa umejaa. Ubeti wa kwanza, ambao ni wa kwaya nzima, tulichezesha midomo kama mbuzi wanaocheua, na aibu ikanipanda shingoni. Miaka tisa ya opera, na sasa hili!

Kisha Kavugho akatoka kwenye spika.

Alikuwa yeye mwenyewe, mzima. Mama Kyakimwa akaweka mkono kifuani. Chini ya jukwaa Onésime alichuchumaa akinionyesha kwa vidole vyake: fungua, fungua!

Nilifunga ngumi juu. Kwaya yangu inajua kwamba ngumi maana yake kimya, na midomo yote nyuma yangu ikafungwa. Sauti ikaendelea peke yake. Watu wakaanza kuguna, kisha wengine wakacheka, wakidhani tumesahau wimbo. Onésime akakimbilia kwenye mitambo ili aizime.

Hapo nikatumia tumbo.

"Usizime!" Neno hilo lilifika ukuta wa mwisho wa uwanja bila waya wala umeme. "Ile sauti hapana yangu! Iko ya Kavugho, mutoto ya huyu mama! Balimuua njia ya Mbau, mwezi wa pili!"

Nilipiga kelele juu ya wimbo wake, na anisamehe. Kicheko kikakatika. Fundi wa mitambo akaondoa mikono yake kwenye vitufe na kuikunja kifuani, lakini Onésime akanyoosha mkono wake azime mwenyewe.

Mama Kyakimwa akatoka kwenye mstari wa alto, akaja hadi ukingoni mwa jukwaa. Hakupaza sauti.

"Mumuache amalize."

Mkono wa Onésime ukabaki hewani. Kavugho akaendelea kupanda, noti baada ya noti, kuelekea neno lile. Nami kwa mazoea, bila kufikiri, nikamwinulia kidole: usipumue.

Akapumua. Katika spika zile pumzi ilikuwa kubwa, ya mtu aliyesimama karibu nawe kabisa.

Mama Kyakimwa akanigeukia, uso umelowa.

"Umesikia, Mwalimu? Amepumua."

Nikashusha kidole.