Majani Juu ya Mabati ya Fundi Gédéon

Siku hiyo mjinga alikuwa Gédéon, tukubaliane hapo mapema. Watu wengine wa avenyu yao, kule Mangobo, walikuwa wajinga wa kufuata tu, na mjinga wa kufuata ana raha yake: ana wa kumlaumu.

Ilikuwa saa nane ya mchana, katika kiangazi kile kilichokuja kama mgeni wa siku mbili kikafungua mizigo. Mvua ilikuwa imesahau njia ya Kisangani. Visima vilikuwa vimebaki na tope, bomba likifunguliwa linakohoa hewa, na mto mkubwa ulikuwa umeshuka hata mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakatoka kuota jua. Gédéon alikuwa amejilaza chali juu ya simenti, kaptula peke yake, jasho likimchora mwili mzima sakafuni. Hakuwa amelala, wala hakuwa macho. Alikuwa pale katikati, mahali ambapo joto linamweka mtu na kumsahau, ambapo sauti ya jirani inafika ikiwa imelowa, na nzi anapita polepole kama anaogelea.

Basi akasikia tone. Pa.

Kimya. Kisha pa, pa. Kisha pa-pa-pa, juu ya bati, kuanzia upande wa mlango hadi upande wa dirisha.

Hakufikiri. Aliruka, akakamata beseni, sufuria mbili, na kopo la misumari ambalo alilimwaga hapohapo, akatoka mbio hadi barabarani akiita kwamba mvua imefika, jamani, mvua imefika.

Na watu wakamwamini, kwa sababu Gédéon alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Kama kuna mtu Mangobo anayejua bati linasema nini, ni yeye. Mlango kwa mlango walitoka na ndoo, madumu, mabakuli, mama mmoja hata na mwavuli. Avenyu nzima ikajaa vyombo vilivyoachama kama vifaranga.

Juu yao kulikuwa na wingu moja, kubwa kama kitenge, lililokuwa limepita mbele ya jua na sasa linakwenda zake. Kivuli chake kilikuwa kimeyapoza mabati kidogo, na bati lililovimba kwa joto likipoa hujikunja na kulia pa, pa, pa. Gédéon alikuwa akiwaeleza wateja jambo hilo miaka yote, wasije wakadhani nyumba ina mashetani.

"Papa Merdi," aliita Issa, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akimtaja kwa jina la mtoto wake kama jirani mwenye adabu, "nikuletee sabuni? Mvua kama hii haifai kuipoteza."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Gédéon naye akaanza kucheka, maana alikuwa na desturi ya kujicheka kabla wengine hawajamaliza. Ndipo Delphine, mke wake, akamwita kutoka uani, na sauti yake haikuwa ya kicheko.

Mama Hélène, mama mzazi wa Gédéon, alikuwa akipumzika chumba cha nyuma. Aliposikia mvua alijiinua kwenye mkeka, akatembea peke yake akishika ukuta, akafika kizingitini, na hapo miguu ikakataa. Walimkuta ameegemea mwimo wa mlango, macho yamefumba, midomo imekauka kama karatasi, pumzi fupifupi. Mikono alikuwa ameinyoosha nje, viganja juu, akingoja.

Hakuna aliyecheka tena.

Delphine alimlowesha kichwa kwa maji yaliyobaki ndani ya ndoo. Walimpepea mpaka jua likahama uani, na sauti yake iliporudi, ilirudi na neno moja.

"Gédéon, mwanangu. Unirudishe Yanonge."

"Yanonge kuko nani, mama? Ile nyumba imelala upande. Nani atakutekea maji?"

"Kuko paa ya ndele juu ya kichwa. Inatosha." Akapumua. "Hapa umeniweka ndani ya sufuria, na umefunika. Jumamosi mashua ya soko inashuka. Nitashuka nayo."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeomba chumvi, na hiyo ndiyo ilimtisha Gédéon. Baba yake alikuwa amekufa kulekule Yanonge, mchana, ndani ya nyumba yenye kivuli kizuri, na jirani wa kwanza kujua alijua kesho yake. Gédéon alimleta mama mjini ili jambo kama hilo lisirudi tena. Alimwezekea chumba cha nyuma kwa mabati mapya, yale mazito, akajipiga kifua kwa wiki nzima. Sasa begi la mama lilikuwa limefungwa tayari, limekaa kando ya mkeka, limetulia kama mbuzi aliyeshiba.

Alijaribu kila kitu ambacho hakikuwa na jina la aibu. Alipaka bati chokaa. Chokaa ikachomeka ikawa ya manjano. Alitoboa tundu ukutani ili upepo uingie. Upepo haukuwepo, vikaingia vumbi na jogoo. Alitandaza magunia mabichi juu, na kabla hajashuka ngazi yalikuwa yamekauka, yananuka karanga.

"Papa Merdi," Delphine akamwambia, "dawa unaijua. Unaogopa jina lake tu."

Jina lake lilikuwa ndele, majani ya kuezekea, yale yanayoshonwa safu kwa safu kwenye ufito. Na tumwonee huruma kidogo fundi. Hakuna mtu Mangobo aliyeshusha mapaa ya ndele mengi kuliko yeye. Alikuwa akisimama mbele ya nyumba ya mteja, anatazama juu, anasikitika kwa kichwa, halafu anatoa maneno yake: majani ni ya kufungia kwanga ya muhogo, si ya kufungia watu. Mteja anacheka, anaona haya, anaita mabati. Hata Issa alinunua kwa maneno hayo, na chini ya bati hilo hilo ndipo alipokuwa akilala mama yake Issa, mama Malika, rafiki wa mama Hélène, ambaye siku hizi alikuwa na uso wa mtu aliyepikwa nusu.

Ijumaa, jua halijapanda, Gédéon alichukua baiskeli na turubai la kufichia mzigo, akashika njia ya Masako. Mji ulibaki nyuma yake ukipauka. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila jani la kando ya njia, hata kijani chenyewe kilionekana kama kitu alichosimuliwa utotoni. Karibu na msitu palikuwa na mama mmoja mwenye shamba anayeshona ndele chini ya kibanda. Mama huyo alimtambua.

"Fundi wa mabati. Umekuja kuyanunua ao kuyatukana?"

"Kuyanunua, mama. Kutukana nilishamaliza."

"Bon, kaa. Safu za mwisho bado."

Alikaa, na kukaa kukawa kulala. Chini ya miti ile mikubwa palikuwa na ubaridi mdogo uliokunjwa, kama nguo iliyowekwa sandukuni na mtu anayetarajia kurudi. Kijito kilikuwa kimebaki uzi tu, lakini kilisikika. Sindano ya yule mama ilipenya jani, ikatoka, ikapenya, na Gédéon akaenda nayo.

Akaona mabati ya Mangobo yote yanainuka. Yalijing'oa misumari moja moja, bila hasira, yakashuka juu ya nyumba, yakaanza safari ya mtoni kwa mstari mrefu unaong'aa. Aliyajua mengi kwa sura, yale aliyoyapigilia mwenyewe, na mengine yalimwamkia. Yalipofika majini yaliinama yakanywa, yakanywa, na mto haukupungua. Kule nyuma nyumba zilibaki vichwa wazi, watu wamelala ndani wanatazama mawingu, na kati yao alimwona mama yake, kijana, nywele nyeusi, anashona. Akamuuliza anashona nini.

"Kivuli," mama akajibu, hakuinua macho. "Shika huku mwisho, usikunje."

Akashika. Kilikuwa chepesi, kina ubaridi, na kilinukia mvua ya zamani. Alitaka kuuliza kitaenea nyumba ngapi, lakini chungu alimuuma shingoni, akaamka ameshika ncha ya ufito wa ndele, na yule mama wa shamba anamtazama.

"Ulinisaidia vizuri," alimwambia. "Kwa mutu aliyelala."

Turubai lilimsaliti. Pale anapoingia Mangobo, mbele ya soko, upepo ambao haukuwahi kuonekana kiangazi kizima ukaja kwa kazi hiyo moja, ukalifunua, ukaliburuta nyuma ya baiskeli kama shela ya bibi harusi. Wauza samaki wakasimama. Mtu mmoja akavua kofia. Gédéon akajikaza, akakanyaga pedali, akijua kwamba atakapofika nyumbani habari itakuwa imeshafika na kukaribishwa kiti.

Alifanya kazi hadi jioni. Aliweka miti myembamba juu ya bati, akaacha nafasi hewa ipite, kisha akapanga ndele, safu juu ya safu. Mama Hélène alikuwa ameketishwa chini ya ukuta wenye kivuli, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kumkosoa.

"Ile safu inakwenda kwa jirani. Baba yako alikuwa anazibananisha."

"Ndiyo, mama."

"Bananisha."

Akabananisha. Na Jumamosi, jua lilipopanda na kuwakalia watu vichwani, katika chumba cha nyuma kilitokea kitu cha ajabu: hakikutokea kitu. Bati halikulia. Joto lilifika juu, likapapasa majani, likakosa mlango. Ubaridi haukuingia kwa haraka. Uliingia kama mgeni mwenye heshima, anayevua viatu kwanza. Gédéon alichungulia mara moja, akaona giza laini na mguu wa mama umenyooka, akarudi nje akaketi chini ya ngazi. Saa ya mashua ilikuwa inakaribia. Begi lilikuwa bado limefungwa. Hakuthubutu kuuliza.

Badala ya mama akaja Issa, tepi ya kupimia shingoni, na nyuma yake watu wa avenyu wasiotaka kukosa.

"Fundi, mimi nauliza tu," alisema, na alisema kwa nguvu, ili wa nyuma nao wauliziwe. "Kwangu ulikuja, ulitazama paa ya marehemu papa, ulisema majani ni ya kufungia kwanga. Nikaona haya. Nikaitupa. Donc siku ile ulinidanganya, ao leo unajidanganya?"

"Issa, ni juu ya joto tu. Mvua ikirudi nitatoa."

"Mvua ile ya mabeseni?"

Kicheko kikapita. Gédéon naye akatabasamu, ila midomo ilikuwa mizito.

"Na moto?" Issa akaendelea. "Kiangazi kama hiki, cheche moja ya jiko, tunaungua wote."

"Jiko Delphine amelihamishia kule mwisho wa uwanja. Uliliona asubuhi."

"Bon. Na kazi yako? Leo asubuhi mutu wa kutoka Kabondo alikuwa anatafuta fundi wa mabati. Nikamwonyesha nyumba yako kwa kidole changu hiki. Akaangalia juu, akaniuliza kama fundi amekufa." Akageukia watu, mikono wazi. "Mutu anauza mabati, na yake mwenyewe ameyafunika kama maiti. Ukimaliza wateja utakula hayo majani? Toa, ndugu yangu. Mimi nakupenda, ndiyo nasema. Toa leo, kabla Mangobo yote haijaona."

Hilo liliingia. Gédéon alitazama ndele zake, safu moja bado imepinda kidogo kuelekea kwa jirani. Alifikiri juu ya mtu wa Kabondo, juu ya mashua, juu ya shule ya Merdi. Mkono wake ukapanda ukashika ngazi, na Issa akaendelea kumhimiza, sauti ikizidi kupanda, kwamba panda, fundi, sisi tutakupokelea chini.

Pazia la chumba cha nyuma likasogea. Mama Hélène akatoa kichwa, uso umelainika kwa usingizi, alama ya mkeka imebaki shavuni. Alimtazama Issa kwa muda, bila haraka.

"Issa," akasema, "punguza sauti. Humu ndani utamwamsha mama yako."