Majani ya Katikati

Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, watu wa Mahuka waligawana kila kilichogawanyika. Kahawa ilikuwa imepanda bei, wanunuzi binafsi walikuwa wamepanda milima na malori yao, kila mtu alijiona tajiri wa kesho, na tajiri wa kesho hana subira na jirani. Watu wa chama cha Ngazi walisaga mahindi kwenye mashine ya juu, watu wa chama cha Kengele kwenye mashine ya chini. Kanisani walikaa pande mbili kama wanaojadili mahari. Mtoto wa nyumba ya Ngazi alipofariki, wa Kengele walisimama kando ya njia, mikono mifukoni, wakangoja jeneza lipite ili waendelee na mazungumzo.

Chemchemi tu ndiyo haikugawanyika. Ilitoka chini ya kimsitu kilichobaki juu ya kitongoji, na wote waliteka hapo, upande mmoja ukisubiri mwingine uondoke.

Aliyekipigania kimsitu hicho ni Gertruda Ndunguru, mjane mwenye mbuzi mmoja na ulimi usiochoka. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Zamani kidogo alimpeleka mama yake hospitali ya Liuli, kando ya ziwa, na siku alizokaa kule aliuona mto ukimwaga udongo mwekundu ziwani, na wavuvi wakilalamika kwamba usipa, wale dagaa wao, wamekimbilia mbali na ufukwe.

"Huu udongo unatoka wapi?" aliuliza.

Mvuvi mmoja alimtazama kuanzia miguuni. "Si kwenu huko Umatengo? Mnatuletea mashamba yenu huku, mama. Siku nyingine mje na majembe, mlime humu humu majini."

Alirudi Mahuka na aibu hiyo, akaifanya kazi. Alipita nyumba kwa nyumba akisema kwamba mvua iliyokuwa ikifika na sikukuu ya Watakatifu Wote siku hizi inasubiri Krismasi. Kwamba maua ya kahawa yanadondoka kabla ya kushika. Kwamba wachimbe ngolo, yale mashimo ya bibi zao yanayoshika maji mlimani, waache matuta ya kushuka. Zaidi ya yote, wakiache kimsitu, na kabla ya mioto ya Oktoba wafyeke majani kukizunguka ili moto ukose njia.

Ngazi walimletea kanga. Akairudisha. Kengele walimletea fulana. Akairudisha pia.

"Mvua haina kadi ya chama," aliwaambia.

Basi akapewa jina. Katibu wa Ngazi, Bernadi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeanza: "Shemeji, wewe ni popo. Si ndege, si mnyama." Jina likatambaa. Wanawake wa pande zote mbili, ambao hata kuazimana chumvi walishaacha, walikuwa na wimbo mmoja wa pamoja, nao ulikuwa wake. Waliuimba akipita na ndoo:

*Popo wetu wa Mahuka, una bawa huna kundi,*
*Kwa ndege ulitoroka, kwa panya hawakupendi.*

Muharami, mwenye duka, aliuza kanga za Ngazi rafu ya kulia na za Kengele rafu ya kushoto, na hakuna aliyemwita popo. "Mimi nauza, mama Gertruda," alimwambia huku akipima sukari. "Anayeuza kwa wote anaitwa mfanyabiashara. Anayewapa wote bure ndiye anatiliwa mashaka. Unatafuta nini? Sema ukweli, nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Ona sasa. Jibu baya kuliko yote."

Septemba ilipoisha, Gertruda aliita ngokela. Kwa Wamatengo ngokela haikataliwi: mwenye kazi anapika pombe, majirani wanakuja na zana, wanafanya kazi, kisha wanakunywa kwa kupokezana kibuyu kimoja. Alipika chungu kimoja. Asubuhi Mzee Ignatio, mwenyekiti wa Kengele na wakala wa mnunuzi wa kahawa, alifika akachungulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chungu kimoja?"

"Kimoja, baba. Ndivyo ngokela ilivyo."

"Mdomo wangu haugusi kibuyu kilichoguswa na mdomo wa Ngazi. Watu wangu wanarudi nyumbani."

Bernadi naye, bila kujua mwenzake kasema nini, alisema neno hilo hilo. Gertruda aliutazama mlima. Upepo ulikuwa mkavu, na ng'ambo ya bonde moshi wa kwanza ulikuwa umeshainuka. Akagawa pombe katika vyungu viwili. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshashuka ngazi ya kwanza, akashuka na ya pili: akaigawa na kazi. Ngazi wangeanza kufyeka upande wa mashariki, Kengele magharibi, wakutane kwenye mwamba uliopo katikati.

Haijapata kuonekana kazi kama ile. Nyengo za kufyekea zilimetameta, majani yalilala, wanaume walifyeka mbio kama wanaokimbizwa, kila upande ukiwazomea wengine kupitia mitini. Kabla jua halijasimama utosini walikuwa wamefika. Gertruda alikwenda kuangalia huku machozi ya furaha yakimlenga.

Kwenye mwamba majani yalikuwa yamesimama. Marefu, makavu, upana wa nyumba moja. Ngazi walikuwa wameishia upande huu, Kengele wameishia upande ule.

"Mbona hapa?"

"Hapo ni pao," alisema Bernadi. "Sisi tumemaliza nusu yetu."

"Nusu yenu inaishia mwambani!" Ignatio alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Sisi si vibarua wenu."

"Mwamba uko kwenu!"

"Uko kwenu!"

Gertruda alitoa nyengo yake, akainama, akakata shada la kwanza. Mikono miwili ilimshika kwa wakati mmoja, mmoja wa Ngazi na mmoja wa Kengele.

"Shemeji, ukikata hapo utakuwa umewamalizia kazi," alisema Bernadi. "Kesho watatangaza kwamba wametushinda."

"Na akikata kutokea huko, nyinyi ndio mtatangaza," alisema Ignatio. "Mwanangu, weka chini hiyo nyengo. Popo hachagui tawi leo."

Watu wakacheka, pande zote, kicheko kimoja kikubwa kilichozunguka kimsitu na kumrudia Gertruda. Walimnyang'anya nyengo. Na ili asirudi kinyemela, kila chama kiliweka vijana wa zamu, huku na huku, mpaka kura zipigwe. Kijiji ambacho hakikuwahi kulinda mti hata mmoja kililinda majani.

Kila alfajiri Gertruda alipanda mpaka mwambani kuwasihi. Kila alfajiri walimtupia mabonge ya udongo, si makubwa, ya kumchekesha mtu tu.

"Wanangu, moto ukipita hapa mtakunywa nini?"

"Tutakunywa ushindi!" walijibu wa Ngazi, na wa Kengele, walioapa kutowasemesha, wakapiga makofi.

Moto ulikuja siku ya Jumapili, watu wakiwa misani. Hakuna aliyejua umetoka shamba la nani; Oktoba kila mtu anachoma. Ulipanda kutoka bondeni, ukaikuta sehemu iliyofyekwa, ukasita. Ukatambaa mashariki, ukanusa udongo mtupu. Ukatambaa magharibi. Halafu ukayaona majani ya katikati. Vijana wa zamu walikimbia pamoja, bila kuulizana vyama.

Gertruda alitoka kanisani kabla ya baraka. Alivunja tawi la mti wa mpaulonia wa mpakani mwa shamba, akaingia kuupiga moto peke yake pale mwambani. Watu walisimama chini wakitazama. Kila upande ulingoja upande mwingine uanze kupanda, kwa sababu atakayetangulia ndiye atakayekuwa amekiri kwamba mwamba ni wake. Walipomtoa, moto umeshaupita mwamba, nywele zake za mbele zilikuwa zimeisha na mkono wa kushoto umemenyeka kama muhogo. Kimsitu kiliungua mpaka jioni. Ndege walizunguka juu yake wakilia, kisha wakaenda zao.

Kura zikapigwa. Ngazi walishinda, Kengele walidai kuibiwa. Desemba ikielekea Krismasi mvua ilishuka kwa hasira kwenye mlima usio na kitu, na mlima ukashuka nayo. Asubuhi wanawake waliikuta chemchemi imefukiwa. Palipokuwa na maji palikuwa na tope jekundu linalopumua.

Ndipo Mahuka walipokaa kikao. Wazee wa Ngazi na wa Kengele, benchi moja, kwa mara ya kwanza tangu vyama vije. Gertruda aliwekwa katikati kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa. Alipowaona wamekaa pamoja, alidhani wamemwelewa. Alitabasamu.

"Tujiulize bila chuki," alianza Bernadi. "Sisi tulikuja ngokela. Nani alitugawa? Nani aliweka vyungu viwili? Nani alisema nyie huku, nyie kule?"

"Mlikataa chungu kimoja!" alisema Gertruda.

"Ungesisitiza," alisema Ignatio. "Mwenye ngokela ndiye mwenye kauli. Hata mimi, ingawa sijawahi kukubaliana na Ngazi tangu nizaliwe, hapa nakubaliana nao."

Watu walipiga makofi. Mtu wa Ngazi alimpa mkono mtu wa Kengele. Mwanamke mmoja alilia kwa furaha akamkumbatia jirani yake aliyekuwa hamsemeshi tangu Pasaka. Kweli, kilichowashinda padri na polisi, Gertruda alikiweza kwa kukaa tu kwenye kigoda.

Adhabu ilikuwa mbuzi wake na chungu cha pombe. Chungu kimoja, walisisitiza, kama desturi inavyotaka. Mbuzi alichinjwa mbele yake. Kibuyu kilizunguka kutoka mdomo wa Ngazi kwenda mdomo wa Kengele, na hakuna aliyekifuta.

Nyama ilipoiva, Mzee Ignatio alinyoosha mikono. "Mama, tuletee maji tunawe."

Gertruda aliingia ndani, akatoka na ndoo na kata. Alimmiminia. Yalitoka mazito, mekundu, yakamganda vidoleni.

"Haya ndiyo maji?"

"Ndiyo, baba. Hakuna mengine."

Ignatio aliitazama mikono yake. Akamtazama Bernadi. Akaitazama nyama iliyokuwa inaanza kupoa. Kisha akajipangusa kwenye suruali.

"Tuleni," alisema.

Wakala.