Mashavu Yameisha

"Mashavu yameisha, Baba Nyasani," alisema Nyanchera, akiikandamiza pasi ya makaa juu ya shati jeupe la mumewe kana kwamba shati ndilo lililokosa. "Ulipewa mawili tu. La kwanza Ombui alilipiga kofi. Ukamgeuzia la pili, akalipiga kwa kifaru. Kesho unampelekea nini, kisogo?"

Ratemo, kichwa kimefungwa bendeji kama mayai ya kusafirishwa, alijibu kwa upole kwamba Maandiko hayakusema mtu aache baada ya shavu la pili. Nyanchera akasema Maandiko hayakusema kwa sababu yaliandikiwa watu wenye akili za kujazia wenyewe. Walikuwa wamebishana hivyo tangu asubuhi. Walinyamaza kidogo wakati wa kula, maana ugali wa wimbi ukipoa haufai, kisha wakaendelea palepale walipoachia.

Kisa chenyewe kilianza kanisani. Ratemo alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista lililo juu ya machimbo ya Tabaka, ya yale mawe laini ya kuchonga, mtu mpole, ila akipanda mimbari ulimi humtangulia. Sabato moja alihubiri juu ya pombe. "Yuko mwenzetu," alisema, "anayechonga vifaru mchana, na usiku anawaona wakitembea." Kanisa likaangua kicheko. Waliokaa mbele waligeuka kumtazama Ombui, mchongaji jirani yao, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja baada ya mkewe Bochaberi kumbembeleza tangu mvua za mwaka uliotangulia. Ombui aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka.

Siku chache baadaye wakakutana kwenye njia ya machimbo, Ombui amembeba kifaru wa jiwe aliyekwisha kung'arishwa, anampeleka kwa mnunuzi. Ratemo akamsalimu. Ombui akamzaba kofi. Sasa Ratemo alikuwa amelifundisha lile fungu la shavu la pili kwa miaka mingi bila kupata nafasi hata moja ya kulitumia, na walioshuhudia walisema aligeuza uso kwa furaha kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu. Ombui aliiona furaha ile, akadhani anachekwa tena. Ndipo kifaru alipotua kichwani mwa Ratemo. Pembe ilikatika, na Ombui akaketi chini kando ya mtu aliyezimia, akalia, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alimlilia Ratemo au pembe.

Aliyemshona Ratemo ni mkewe. Nyanchera alikuwa muuguzi wa zahanati, mwenye diploma yake ya chuo cha uuguzi, na siku ile hapakuwa na mwingine wa zamu. Alimshona kichwa, mkono wake ukiwa umetulia kabisa. Alipokata uzi wa mwisho, alitoka akaenda nyuma ya jengo, akafua damu kwenye aproni yake mara tatu. Tabibu wa Kisii mjini alipokitazama kile kichwa baadaye, alisema kimeshonwa vizuri sana, lakini pigo jingine mahali pale halitahitaji uzi, litahitaji jeneza.

Polisi walipoelezwa walisema watakuja barabara ikikauka. Huo ulikuwa mwaka wa mvua ya El Nino, barabara ilikuwa imegeuka uji, na Nyanchera alielewa maana ya jibu hilo.

Siku ya ubishi huu ilikuwa Ijumaa, na kesho yake, Sabato, ilikuwa Meza ya Bwana. Kabla ya mkate, waumini huoshana miguu wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na aliye na kinyongo na mwenzake humtafuta huyo huyo. Ratemo alikuwa ameamua kumtafuta Ombui.

"Anayeosha hupiga magoti," Nyanchera alisema. "Hupiga magoti na kuinama. Mshono wangu utakuwa chini ya mkono wake kama kisiki chini ya shoka. Hata kuku wa sikukuu hukimbizwa kwanza. Wewe unajipeleka mwenyewe, tena umeoga."

"Mtu lazima aanze, Mama Nyasani."

"Kweli. Aanze aliyepiga."

Ratemo akasema aliyepiga akingojewa aanze, watu watangoja mpaka parapanda. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba maneno yale ya mimbarini hayakuwa mahubiri, yalikuwa dhihaka, na yanamnyima usingizi kuliko kidonda. Siku ile, aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Nyanchera mwenyewe. Akatia makaa mapya kwenye pasi.

Ubishi ungeishia hapo kama si shemeji yake, Osoro, mdogo wake Ratemo. Osoro hakuamini shavu hata moja. Aliingia uani na vijana kadhaa wa ukoo, kila mmoja na rungu lake, akatangaza kwamba dawa ya moto ni moto. Nyanchera akamwambia kwamba yeye hutibu walioungua kila wiki na hajawahi kuona zahanati ikiagiza moto. Akamuuliza, wakimvunja Ombui miguu, nani atakayelala ndani Kisii mjini, na nani atakayewalisha watoto wa atakayelala ndani. Na ndugu zake Ombui, je, wao hawana rungu?

Osoro hakutikisika. Kilichomtikisa ni jua. Lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye mikaratusi, na Sabato huingia Ijumaa jua likizama, na vijana wale wote walikuwa wamebatizwa. Wakashauriana pale chini ya upenu kwa uzito wa baraza. Kupiga mtu siku ya Sabato ni kazi, hilo halikuwa na mjadala. Mmoja akauliza kama kubeba rungu bila kupiga nako ni kazi. Mwingine akasema inategemea umbali. Mwishowe Osoro akaamua kwamba Ombui atashughulikiwa kesho, jua likishazama, na marungu yabaki hapa ili yasitembezwe siku takatifu. Wakayapanga ukutani kwa Nyanchera kama watu wanavyoacha miavuli, wakaimba wimbo wa kufungua Sabato pamoja na Ratemo, tena kwa sauti nne, wakaenda zao.

Nyanchera alilala akiwa na wanaume wawili kichwani, mmoja anayetaka kumpelekea Ombui kisogo na mwingine anayetaka kumpelekea rungu, na alipopiga hesabu, kila njia ilimwacha mjane au ilimpeleka kupanga foleni kwenye lango la gereza na kikapu cha chakula.

Asubuhi ilinyesha. Yeye ndiye aliyekuwa shemasi wa zamu, na kazi yake ilikuwa kuandaa makarai, taulo na maji ya miguu. Ndoo ya maji ilikuwa baridi kama jiwe na wazee wa kanisa wana baridi yabisi. Akaenda kwenye kuni. Kuni zote zilikuwa zimelowa, zinatoa povu. Akatazama huku na huku, na macho yake yakatua ukutani, kwenye miti mizuri, mikavu, iliyokaa juu ya meko ya akina mama mwaka mzima ikikaushwa na moshi.

Hakusita hata kidogo. Iliwaka vizuri ajabu.

Kanisani, mtu wa kwanza kufika alikuwa Ombui. Aliketi benchi la mbele kabisa na Bochaberi, amevaa koti kubwa la mvua, na mfukoni mwa Bochaberi mlichungulia ndizi za kuiva, kana kwamba walikuwa wamekuja kukaa. Habari za kilichopangwa jua likizama zilikuwa zimewafikia. Ombui alikuwa amepiga hesabu kwamba mahali salama kuliko pote ni pale ambapo waliotaka kumpiga watakuwa wanaimba, na hakuwa na nia ya kutoka mapema. Nyanchera alimpita akiwa na makarai, akamtazama kwa jicho la muuguzi. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto. Mtu mzima haoti kilema usiku mmoja. Lile koti lilikuwa na mzigo.

Wakati ulipofika, wanaume waliingia chumba cha watoto wa Shule ya Sabato, nyuma ya kanisa, wakaketi kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia masikio. Nyanchera alileta maji ya moto mpaka mlangoni. Kazi yake ilikuwa kukabidhi birika na kurudi kwa wanawake. Lakini kutoka pale mlangoni aliona mambo matatu kwa pamoja: Ratemo amepiga magoti mbele ya Ombui, anamfungua kamba za viatu, bendeji yake nyeupe iko chini, Osoro amejisogeza nyuma ya Ombui, eti anatafuta taulo, na mkono wa Ombui unaingia taratibu ndani ya koti.

Nyanchera aliingia. Tangu kanisa lile lijengwe, mwanamke hakuwahi kuingia chumba hicho saa ile. Mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa na betri.

"Baba Nyasani, inuka."

Ratemo akaanza kusema kwamba hii ni huduma takatifu. Nyanchera akamwambia utakatifu utamngoja akiwa amesimama. Kisha akanyoosha mkono.

"Ombui, toa kifaru."

Ombui alitazama chini. "Sista, si wa kumpiga mzee. Ni wa Osoro."

"Najua ni wa nani. Toa."

Akamtoa. Kifaru mzito, mweupe, laini kama sabuni, hana pembe, na ubavuni ana alama ya kahawia ambayo msasa haukuweza kuiondoa. Nyanchera alimpokea akambana kwapani kama mtoto aliyelala. Osoro akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa amejua alikuwa karibu kiasi gani na kuwa mgonjwa wa shemeji yake.

"Mlinicheka," Ombui alisema, bila kuinua uso. "Nilikuja kuomba, mkanicheka. Na wewe Sista ulicheka."

"Nilicheka. Nilikosea, na mume wangu alikosea zaidi, naye atakwambia mwenyewe zamu yake ikifika." Alisukuma karai kwa mguu mpaka mbele ya kiti cha Ratemo, akamimina maji. "Lakini zamu ya kwanza ni yako. Msamaha ni wake, amekwisha kuutoa, sijui huwa anautoa wapi. Kuinama ni kwako."

Chumba kizima kikangoja. Ombui alimtazama Ratemo, akalitazama karai, akamtazama kifaru wake pale kwapani. Kisha akavua lile koti, akapiga magoti.

Alianza kwa woga, vidole tu. Lakini mchongaji hana namna mbili za kushika kitu ndani ya maji. Mawe ya Tabaka hung'arishwa yakiwa yamelowa, na mikono yake ikafanya iliyoyajua: ikazunguka kisigino, ikapanda kwenye kifundo, ikaingia katikati ya kila kidole, ikarudi kutafuta penye mkwaruzo. Ratemo akajaribu kudumisha uso wa mzee wa kanisa. Hakuweza. Alikuwa na mtekenyo tangu utotoni, na sasa mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka, akacheka mpaka bendeji ikamteleza kwenye sikio.

Ombui aliinua uso haraka, ule uso wa kwenye njia ya machimbo. Nyanchera akamkaza kifaru.

"Nisamehe, ndugu yangu," Ratemo alisema, akihema. "Sikucheki wewe. Ni vidole. Siku ile ndiyo nilikucheka, na sikuwa na haki."

Ombui aliinamia karai tena. Halafu akausugua tena unyayo ule ule, kwa makusudi, na Ratemo akapiga ukelele, na safari hii waliocheka walicheka wakiwa wawili.

Walibadilishana. Ratemo alipoinama, Nyanchera alisimama nyuma yake, birika mkono mmoja na kifaru mwingine, na hakuna aliyemwambia arudi kwa wanawake. Ratemo alipoinuka salama, ndipo Nyanchera alipomwona Osoro akinyemelea mlango.

"Shemeji, kaa."

Osoro alisema yeye ameshaoshwa. Nyanchera akavitazama viatu vyake, vilivyokuwa na matope mpaka kwenye kamba, akamwuliza ameoshwa na nani, na mbona hakulowa. Osoro akaona vijana wake wanamtazama. Alijua vizuri, na wao walijua, kwamba mtu aliyekuosha miguu asubuhi huwezi kumwendea na rungu jioni. Utachekwa mpaka mbali kule Ekerenyo, na hata ukoo wako utakukana.

"Marungu yetu yako wapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya mwisho.

"Yamo humo." Nyanchera alielekeza kidevu kwenye birika, kisha akamimina karai jipya, mvuke ukapanda. "Mvua hii yote, ulitaka nichemshe maji kwa kuni zipi? Vua viatu."

Osoro akavua. Soksi ilikuwa na tundu, na dole gumba likachungulia nje kama mtu anayeangalia kama mvua imekatika. Ombui akalivuta karai, akakunja mikono ya shati, akainama.