Ubani Ndani ya Sanduku

Namba kwenye chombo cha Rafla ilikuwa imeshashuka kabla hata kopo la gundi halijafunguliwa.

Bwana Mokdad, mwenye karakana ya viatu hapo mjini Sfax, Tunisia, alikuwa amempa nafasi moja tu. Chombo kikionyesha kuwa mvuke wa gundi ni hatari, atatoboa ukuta na kuweka feni. Kisipoonyesha, Rafla aache kumsumbua, na mdogo wake Ghazi aendelee kubandika soli humohumo, kichwa kikimuuma kila jioni.

"Mashine yako inalia hata haijapigwa," Bwana Mokdad alisema. Mafundi wakacheka.

Rafla hakuona cha kuchekesha. Chombo alikiunda mwenyewe chuoni: kijiwe chembamba cha kwatzi, kama kile cha ndani ya saa, kilichopakwa utando wa plastiki. Kijiwe hutetemeka bila kukoma. Mvuke ukinasa kwenye utando kinakuwa kizito, namba inashuka. Sasa kimenasa nini tena? Akainamia sanduku la chombo, akanusa. Ubani. Ama kweli mama kamuweza. Alikifukiza asubuhi, eti macho ya watu yasikidhuru.

Alifungulia mtungi wa hewa safi kukisafisha kijiwe. Namba ikaanza kupanda, polepole mno.

"Na wewe Ghazi," alinong'ona kwa hasira, "umelipakata sanduku njia nzima, mimi naendesha pikipiki. Ubani wote huu hukuusikia?"

"Ubani gani, dada?"

Alidhani anataniwa. Akamsogezea sanduku puani. Ghazi akavuta pumzi, akavuta tena. "Mbona halinuki kitu."

Kicheko kikakatika. Bwana Mokdad, ambaye kutwa hukaa dukani mbele, alilichukua sanduku, akanusa, akakohoa kwa ukali wa ubani. Akampa fundi aliyekaa karibu na Ghazi.

"Wewe unasikia nini?"

Fundi alinusa, akasita. "Sanduku tu, bosi."

Akampa wa pili. Wa pili naye akatikisa kichwa, akaangalia chini.

Namba ilikuwa imesharudi mahali pake, tayari kwa kipimo, lakini hakuna aliyeitazama. Rafla alikuwa amemshika Ghazi mkono. Feni aliyoitaka ameipata kwa pua ya mdogo wake iliyouawa na gundi, na hakufurahi hata chembe.

"Nyundo kubwa iko wapi?" Bwana Mokdad aliuliza, sauti yake ndogo.