Fungua Kinywa

"Fungua kinywa." Kila Ijumaa, mbele ya mulango wa musikiti wetu hapa Kasuku, Muzee Bulaimu, mukubwa wa musikiti, alikuwa anamuambia mume wangu hivyo, kisha ananusa. Muntu muzima, ananuswa kama mboga ya jana! Na mimi nasimama kando, nimekasirika.

Ayoubu wangu, baba ya binti yetu Rehema, alikuwa muadhini. Wakati wa vita bombe lilianguka karibu na nyumba, likamurusha, kichwa kikagonga ukuta. Alipona, tukamushukuru Mungu. Lakini tangu siku ile, akiinua tu kichwa kuita azana, dunia inamuzunguka, anaanguka. Watu wakasema ni lutuku. Walayi, pombe hiyo hajawahi kuionja! Wakamunyang'anya azana. Vita vikaisha, watoto waliozaliwa nyuma yake wameoa, na mume wangu bado anaitwa mulevi. Hospitalini nako, kila mara dawa ya malaria. Malaria gani hiyo isiyo na homa, jamani?

Mwezi huu akafika Nathalie kutoka Kinshasa, odiologi, mupimaji wa masikio. Nilimupeleka Ayoubu kwa sababu sikio la kushoto halisikii, basi. Nathalie akapima, akasema sikio lile litangoja mashine, ataileta safari nyingine. Kisha akauliza: "Papa, kizunguzungu iko?"

"Muulize Bulaimu, yeye njo munganga wa walevi," nikamujibu. Nilikuwa nimechoka.

Hakucheka. Akamulaza Ayoubu upesi, kichwa kikining'inia nje ya kitanda. Macho yakaanza kuchezacheza yenyewe.

"Mama, hii haiko pombe. Njo sikio. Ndani mule kuna vijiwe vidogo vya kutusaidia kusimama. Vyake vilihama mahali pao."

Akamugeuza kichwa polepole, huku, kule, akamukalisha. Kwa muda ule hata chai isingechemka. "Inua kichwa, Papa." Akainua. Hakuanguka.

Nilipaswa kufurahi. Nikalia kwa hasira: miaka yote ile, kumbe ni hivi tu!

Nathalie akaenda mwenyewe kumueleza Bulaimu. Ijumaa, muzee akamungoja Ayoubu mulangoni, macho chini, amurudishie azana. Ayoubu akafika, anatembea sawasawa. Mbele ya Bulaimu akasimama, na bila kuambiwa na muntu, akafungua kinywa.

"Funga, Papa Rehema!" nikapiga kelele mbele ya watu wote. "Funga!"

Hakunisikia. Nilikuwa upande wake wa kushoto.