Kikombe cha Mshenga

Waliokuja kumposa Hadil walikosea jambo moja tu, nalo lilitosha. Mjini Amman posa haiendi bila mshenga mwenye jina kubwa, na ukoo wa Mutaz, kijana mwenye kuposa, ni watu wa kuuza vigae, hawana waziri wala jenerali. Mtu wao wa kujivunia ni mmoja: mjomba wa kijana, Mundhir, aitwaye Abu Saif, aliyekuwa namba nne wa mpira wa kikapu, mshambuliaji wa karibu na kikapu, ambaye picha yake bado iko ukutani kwa kinyozi. Ndiye waliyemchagua. Hakuna aliyejiuliza baba wa binti naye alicheza wapi. Alicheza klabu ile ile, nafasi ile ile, miaka yote akianzia benchi akimsubiri Mundhir achoke.

Hadil alimwambia Mutaz mapema: tafuteni mwingine. Mutaz akajibu kwamba wazee wameshaamua, na mambo ya zamani yamekwisha. Mambo ya zamani huwa yamekwisha kwa yule ambaye hayakumuuma.

Basi sasa alikuwa jikoni na mama yake na shangazi yake Itaf, mlango umeachwa wazi kidogo, wakisikiliza. Sebuleni wanaume walijaa mpaka ukumbini. Kahawa chungu ilimiminwa. Abu Saif alipokea kikombe, asinywe, akakiweka mezani. Mgeni akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka haja yake ikubaliwe. Akasimama, akamsifu Mungu, akaisifu nyumba. Lililobaki lilikuwa neno moja tu: tunamwomba binti yenu. Lakini mtu aliyezoea kupigiwa makofi hajui kukaa chini.

"Na mwenye nyumba si mgeni kwangu," alisema. "Abu Ghaleb nimetoka naye jasho. Huyu alikuwa ukuta, jamani. Mimi nikikosa, yeye anaokota. Kufunga alituachia wengine, lakini kuokota, wallahi, hakuwa na mfano."

Wanaume wakacheka kwa nia njema. Kwenye upenyo wa mlango Hadil aliona shingo ya baba yake ikibadilika rangi.

"Kuokota," baba alisema.

"Ni sifa hiyo, Abu Ghaleb."

"Zinaokotwa kuni, Abu Saif. Mimi nilikuwa nafunga."

"Ulifunga, nani amekataa? Wakikusahau peke yako chini ya kikapu."

"Afadhali mimi nilikuwa chini ya kikapu. Wewe ulikimbilia mbali ukarusha, ukiogopa viwiko. Ukigusika kidogo, macho kwa refa. Mimi nilimpa mtu mgongo, nikamvuta kulia, akaja, nikageuka nikautia kwa kushoto. Akigeuka yeye, mpira umeshaingia."

"Lakini siku hizi namba nne wote wanarusha kutoka mbali," akasema mfamasia wa jirani, ambaye hakuulizwa.

"Ndiyo maana hakuna anayejua kugeuka."

"Sasa huo mkono wa kushoto," alisema Abu Saif, akicheka, "ulionekana na nani? Fainali ile tukiwa sare, kocha alimtoa nani, akamwingiza nani?"

Hapo alitonesha kidonda.

"Kocha alikuwa shemeji yako," baba alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mwenye nyumba.

Kila mtu akapata upande. Mmoja aliinuka kuonyesha jinsi Abu Ghaleb alivyogeuka, kiwiko chake kikaangusha sahani ya baklawa. Mwingine akaapa kwamba Abu Saif aliwahi kufunga huku amefumba macho. Wazee wenye tasbihi mkononi walikuwa wakipigiana kelele kuhusu mguu upi ulitangulia.

"Mtu anaposwa hapa," alinong'ona shangazi Itaf, "au anasajiliwa?"

Hadil hakucheka. Yeye mwenyewe ni namba nne, wa timu ya wanawake, na mkono ule wa kushoto baba alimfundisha juu ya paa, kati ya matangi ya maji, mpaka majirani wakalalamika. Aliupenda kuliko kitu chochote alichopewa na baba. Jioni ile aliuchukia.

"Mutaz!" mtu aliita. "Umeziona kanda zao wote. Nani zaidi?"

Mutaz alimtazama mjomba, akamtazama mkwe. "Wote wazuri, ami."

Hadil aliuma meno. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu, lakini hawana neno kwa yule asiyetaka hata kuingia uwanjani.

Baba aliinua mkono, kelele zikakatika. "Abu Saif, kahawa hiyo hunywi. Sema kwanza mbele ya watu hawa kwamba kwa kufunga nilikuzidi."

"Niombe mahari unayotaka, nitakupa. Uongo sina."

"Basi iache ipoe."

Hakuna aliyekosa kuelewa. Mmoja alianza kutafuta funguo za gari. Mutaz alisimama, akakaa, akasimama tena.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Hadil aliusukuma mlango. Mama yake alidaka mkono wa gauni, ukamponyoka. Alipita katikati ya wanaume ishirini wasiojua waweke macho wapi, akakichukua kikombe kwa mkono wa kulia, ambao hakuna aliyeugombania, akanywa. Kahawa ilikuwa ya baridi na chungu. Akakitikisa kikombe, kama atikisavyo mtu aliyetosheka.

"Hadil," baba alisema.

"Afadhali wewe umelitaja jina langu, baba. Wao wamekaa muda wote huu hawajalitaja." Akamgeukia mshenga. "Ami, ulikuja kuomba nini?"

Abu Saif alifungua kinywa. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akijaribu kukumbuka.

"Na wewe baba, umekataa nini? Hujaombwa kitu." Sauti ilimtetemeka kwa hasira, akaiacha itetemeke. "Mimi ndiye niliyekuwa na haja. Nimeikubali."

Mzee sana mmoja, babu yake Mutaz, ambaye hakuwa ameelewa lolote la mpira, alikohoa. "Hadil na nani?"

"Na Mutaz," mtu akamjibu.

"Haya. Kwa nia ya Hadil na Mutaz, Al-Fatiha."

Kwa Fatiha posa hufungwa, na hakuna anayebisha. Mikono ikafunguka chumba kizima, ya Abu Saif na ya baba, bega kwa bega, na midomo yao wote wawili ikacheza taratibu mpaka kwenye amin.

Mutaz alikuwa akimtabasamia. Hadil hakumrudishia. Alikuwa bado amekishika kikombe, amekasirika, na alikusudia kukaa na hasira hiyo mpaka siku ya arusi.