Tangi la Rambirambi

Kitinda alitandaza magazeti ya zamani chini ya gari, akaweka beseni juu yake, kisha akafungua boneti. Chujio jipya la dizeli lilikuwa kwenye kiti cha mbele, kando ya chupa ya dizeli safi aliyoifuata ng'ambo ya mji. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mama yake, amejifunika shuka, mkoba wa nguo za hospitali mapajani.

Mama alifia kwenye kiti hicho. Walikuwa wakimkimbiza hospitali, gari likazimika kwenye kona ya karakana ya seremala, na halikuwaka tena; likasukumwa mpaka nyumbani. Walimzika vizuri. Watu walipotawanyika, Kitinda alikwenda kufunga vioo vya gari, akamkuta ameketi palepale.

"Mbona hatuendi?" mama aliuliza.

Hakuna aliyepiga yowe. Shangazi alileta mto wa kuegemea. Walipomsihi aingie ndani, mama alikataa katakata. Alitoka nyumbani kwenda hospitali, alisema, na hospitali ndiko atakakoshukia.

Kitinda, mtoto wa mwisho na jina lake lilitokana na hilo, aliijua kazi hii kwa kumshikia tochi marehemu baba. Alilegeza koki iliyo chini ya chujio kuukuu. Dizeli haikutoka. Yalitoka maji ya kijani, mazito kama makohozi, yakajaza beseni, na ndani yake viluwiluwi wakaanza kugongana vichwa. Alipolifungua chujio lenyewe, utando mweusi ulimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kisha chura mnene alijikamua kutoka kwenye tundu ambalo hata kidole kisingepita, akatua juu ya magazeti, akatulia akipumua. Chai ya asubuhi ilimpanda Kitinda kooni. Akaitema kando ya tairi.

"Huyo ni wa bwawani," mama alisema dirishani. "Bwawa la nyuma ya kituo cha shemeji. Nimefua sana pale. Wa kwake wana doa mgongoni."

Shemeji huyo ni Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba, mwenye kituo cha mafuta. Ukoo mzima ulijaza mafuta kwake. Kujaza mahali pengine kungekuwa kumtangazia ugomvi. Siku ya msiba alisimama mbele ya waombolezaji akasema rambirambi yake ni tangi zima la dizeli kwa gari la marehemu. Alilijaza mwenyewe kwa madumu mpaka likafurika. Watu walimshukuru, wengine kwa machozi.

Baba Mdogo alifika Kitinda akiwa bado anajifuta, akavuta kiti kivulini. Shangazi, dada yake mkubwa, alimletea chai na mkate.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, fundi wetu! Shemeji nawe, hujambo huko nyuma?"

"Sijambo, shemeji. Nachelewa tu."

"Utafika, utafika." Alichovya mkate kwenye chai, akautia wote mdomoni, akamsukuma chura kwa ncha ya kiatu. "Gari likizeeka hutoa wadudu, mwanangu."

"Wametoka kwenye dizeli."

"Dizeli yote ina maji kidogo. Hata wewe una maji." Alicheka, na mkate ukaonekana umegandamana kwenye meno yake kama uji wa mgonjwa. Chembe ilidondokea beseni. Viluwiluwi wakaigombania.

Kitinda alitazama pembeni. "Nataka kumwaga tangi lote."

Shangazi aliiweka chupa ya chai chini taratibu. "Umwage rambirambi? Mbele ya watu walioishuhudia ikitolewa?"

"Nitawaambia ina vyura."

"Chura mmoja," Shangazi alisema. "Usitie chumvi. Badilisha hilo chujio lako, tangi liache. Aliyelisha msiba huu mzima ni nani?"

Baba Mdogo alijilamba vidole kimoja kimoja, kama mtu asiyesikia. Kitinda akamgeukia mama.

"Usinigombanishe na ukoo, kitinda mimba wangu," mama alisema. "Wewe nipeleke tu."

Basi Kitinda alijaza chujio jipya dizeli safi mpaka ukingoni. Alipaka mafuta mpira wake, akalikaza kwa mkono, akaunga mipira ya mafuta. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akabonyeza pampu ya mkono. Mapovu yalitoka yakinuka bwawa. Yalipokwisha, alikaza skrubu, akawasha. Gari liliitika mara moja. Shangazi alipiga vigelegele.

"Si nilisema halina neno?" Baba Mdogo alisema, akafuta vidole kwenye mlango wa gari.

Walitoka. Mama alikaa wima, akajifunga upya kitambaa cha kichwa, akauliza kama wauguzi wa zamu ya mchana ni wakali. Gari lilipita maduka, likapita shule, likiunguruma vizuri. Lilipofika kwenye kona ya seremala, dizeli ya chupa iliisha na rambirambi ikaanza kuingia. Gari likakohoa, likatikisika, likazimika. Seremala alitoka na magogo mawili, akayaweka nyuma ya matairi, akarudi kwenye randa yake. Alikuwa ameyatunza tangu ile siku.

"Tumefika?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Mbona kunanuka?"

Kitinda alifungua boneti. Ndani ya chujio jipya kitu kilikuwa kikikoroma. Alishika paji la uso, akakuta utando umeganda mpaka kwenye nywele.

Gari la Baba Mdogo lilipita likielekea kituoni, limepakia madumu matupu. Alipiga honi, akatoa mkono dirishani, bado una mkate.

"Mpungie mkono, mwanangu," mama alisema. "Watu wanatazama."

Kitinda alimpungia, kwa mkono uleule unaonuka, mpaka alipopotea kwenye kona ya mbele.